Mradi Umefunguka, Madoido Yako Wapi?

Kila Ramadhani inapokaribia, chaneli za televisheni na za mtandaoni kutoka Lamu hadi Mtwara huanza kutafuta kichwa cha kipindi cha mwaka jana. Mwenye chaneli haombi makubwa. Anataka mwezi mwandamo uleule, fanusi zilezile, vumbi la dhahabu lilelile linalotawanyika nyuma ya maandishi, ila mwaka ubadilike na nembo ya mdhamini mpya iingie. Kazi ya dakika kumi, anasema, na mhariri wa video naye anaamini hivyo, maana faili la mradi lipo kwenye diski ya nje, lina jina linaloeleweka na picha zake zote zimekaa pamoja. Analifungua. Programu ya After Effects inapakia, kisha kinajitokeza kisanduku cha onyo: mradi huu unategemea efekti ambazo hazimo katika kompyuta hii, zisakinishwe ndipo zirudi. Chini yake kuna majina matatu. Mwezi upo, maandishi yapo. Vumbi la dhahabu halipo, na mwanga uliokuwa ukipita juu ya herufi umezimika.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili, na yote mawili ni hasara. Kuna anayezifuta efekti zilizokosekana ili onyo lisimkere tena, kisha anahifadhi juu ya faili lilelile. Na kuna anayekimbilia mtandaoni kupakua plagini yoyote yenye jina linalofanana, iliyokrakiwa na mtu asiyemjua, akaiingiza kwenye kompyuta yenye kazi za wateja wote. Wa kwanza ametupa kitu ambacho bado alikuwa nacho. Wa pili huenda akapoteza na kile ambacho hakikuwa na tatizo.

Faili la mradi, lile lenye tamati ya .aep, halina picha wala madoido ndani yake. Lina maagizo. Linasema video fulani iko kwenye folda fulani, ikae juu ya nyingine, ipungue mwanga kiasi hiki, kisha ipite katika efekti yenye jina fulani na namba fulani. Ni karatasi ya mapishi ya pilau: imetaja iliki, binzari na muda wa kukaanga kitunguu, lakini haina hata punje moja ya mchele. Efekti zenyewe huishi nje ya mradi, kila moja katika faili lake. Kwenye Windows faili hizo huishia na .aex, kwenye Mac huishia na .plugin, na programu huzisoma kila inapowaka. Faili lisiposomeka, efekti haipo.

Mpangilio huo ndio ulioipa After Effects umaarufu wake, kwa hiyo si haki kuulaumu tu. Programu hii ilitoka Januari 1993 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, kazi ya kikundi kidogo kilichojiita Company of Science and Art. Kabla mwaka haujaisha kampuni hiyo ilikuwa imenunuliwa na Aldus, na mwaka 1994 Aldus nayo ikaingia mikononi mwa Adobe. David Simons na Daniel Wilk, waliokuwapo tangu siku za Providence, walikuwa miongoni mwa watu watano waliotunukiwa tuzo ya sayansi na ufundi na Akademia ya filamu ya Marekani mwaka 2019 kwa kuibuni na kuikuza. Walichokifanya cha busara ni kuacha mlango wazi: yeyote anayejua kuandika programu aweze kutengeneza efekti yake na kuichomeka.

Wakaja wengi. John Knoll, aliyeanzisha Photoshop pamoja na kaka yake Thomas, alitengeneza Knoll Light Factory kwa ajili ya miale ya lenzi. Peder Norrby wa Sweden akaleta Trapcode, na kutoka humo ikaja Particular, ile inayomwaga vumbi, cheche, moshi na theluji katika nusu ya matangazo ambayo msomaji amewahi kuyaona. RE:Vision Effects wakaleta Twixtor ya kupunguza kasi ya video. Andrew Kramer wa Video Copilot akaleta Optical Flares, na mwaka 2012 Element 3D, na katika studio zetu hizi sijui kama kuna mhariri wa harusi ambaye hajawahi kufungua templeti inayozidai. Mlango huohuo uliowaingiza ndio wanaotokea pia. Mtengenezaji akichoka, akiuza kampuni au akiacha kufuata mabadiliko ya kompyuta, efekti yake hubaki jina tu ndani ya miradi ya watu.

Sasa lile ambalo kila mhariri angefundishwa siku ya kwanza: efekti inapokosekana, namba zake hazipotei. After Effects huhifadhi data yake ndani ya mradi hata kama haiwezi kuisoma. Kwenye paneli ya efekti utaona jina lake limetanguliwa na neno Missing, na hutaweza kugusa chochote, lakini mipangilio na alama zote za mwendo, zile zinazosema sekunde hii mwanga uwe hapa na sekunde ile uwe pale, bado zimo. Unaweza kuhifadhi mradi, kuufunga, kuupeleka kwa mwenzako mwenye plagini hiyo, na kwake kila kitu kikarudi mahali pake. Ukiifuta, basi. Ndiyo maana mkono wa kufuta unatakiwa uwe wa mwisho.

Mradi wa toleo la zamani unapofunguliwa katika toleo jipya, programu yenyewe huonya kwamba utabadilishwa na kwamba faili la asili halitaguswa. Usiupuuze wema huo. Hifadhi nakala mpya kwa jina jipya, faili la asili liache kama lilivyo, kwa sababu toleo la zamani haliwezi kufungua mradi uliohifadhiwa na toleo jipya, na kabla kazi haijaisha unaweza kujikuta unahitaji kurudi kwenye mashine ya zamani.

Baada ya hapo ndipo uchunguzi unaanza. Katika menyu ya File, ndani ya Dependencies, kuna amri ya Find Missing Effects. Itakuonyesha kompo zote zenye pengo, yaani vile vifurushi vya leya vinavyounda mradi. Mara nyingi hofu huanza kupungua hapo hapo, hasa kwa miradi iliyotokana na templeti. Templeti moja ya harusi inaweza kuwa na kompo arobaini na wewe ukawa umetumia sita. Chagua kompo yako kuu, rudi Dependencies, tumia Reduce Project, na kila kisichoihusu kompo hiyo kitaondolewa. Maonyo mengine huondoka navyo. Mengine utakuta yanatoka kwenye leya iliyozimwa macho tangu zamani, jaribio la mtu fulani saa saba usiku, ambalo halikuwahi kuonekana katika video iliyorushwa. Hakuna sababu ya kununua plagini kwa ajili ya leya ambayo haionekani.

Zinazobaki ndizo za kushughulikia, na swali la kwanza ni kwa nini zimekosekana, kwa sababu sababu hazifanani na tiba hazifanani.

Iliyo nyepesi kuliko zote ni hii: plagini umenunua, ipo, ila imewekwa mahali pasipofaa. Kila toleo jipya la After Effects huja na folda yake. Plagini iliyotupwa kwa mkono ndani ya folda ya toleo la mwaka juzi haihami yenyewe. Wengine husakinisha toleo jipya, wakafuta la zamani, na plagini zikaondoka nalo. Ipo folda ya pamoja ya Adobe, ile inayoitwa MediaCore, ambayo matoleo yote pamoja na Premiere huisoma. Visakinishi vingi vya siku hizi hutumia hiyo. Kabla ya kuingia mfukoni, angalia folda zote mbili, kisha endesha upya kisakinishi cha mtengenezaji. Kunakili faili moja kutoka folda hadi folda hufanya kazi kwa plagini ndogo, lakini kubwa huwa zimesambaza leseni na maktaba zao kwingineko, na ukizihamisha nusu hazitaamka.

Ya pili ni mgongano wa mashine, na hapa ndipo miradi ya zamani ilipochinjwa kwa mafungu. Aprili 2010 Adobe ilitoa After Effects CS5, ya kwanza iliyokuwa ya biti 64 peke yake. Faida ilikuwa kubwa, kwani programu ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, na picha za ubora wa juu zilikuwa zimeshaanza kuvimba. Lakini kila plagini ya biti 32 ilikufa siku hiyo mpaka mtengenezaji wake aiandike upya. Walioandika waliandika. Wasioandika, majina yao yamebaki katika miradi ya CS3 na CS4, na hakuna duka linaloweza kukuuzia. Mwenye mradi wa aina hiyo ana njia mbili tu: apate kompyuta ya zamani ambayo programu yake bado inafanya kazi, au atengeneze madoido upya.

Kisa hicho kilijirudia kwa Apple. Novemba 2020 walianza kuuza Mac zenye chipu yao ya M1, na Aprili 2022 After Effects 22.3 ikawa inaendesha moja kwa moja kwenye chipu hizo. Plagini iliyoandikwa kwa ajili ya Intel haiwezi kuingia ndani ya programu inayoendesha hivyo, kwa hiyo mhariri aliyenunua laptopu mpya, ghali kuliko zote alizowahi kuwa nazo, alifungua mradi wa mwezi uliopita akakuta mapengo ambayo hayakuwapo kwenye ile ya zamani. Dawa ipo na ni rahisi. Katika programu ya Creative Cloud, kwenye menyu ya pembeni ya After Effects, chagua kuifungua kwa namna ya Intel. Mfumo utatumia Rosetta, mkalimani wa Apple, na plagini za zamani zitasoma. Itakwenda polepole kidogo. Renda kazi yako, toa unachokihitaji, kisha rudi kwenye namna ya kawaida.

Lakini usiifanye Rosetta kuwa makazi. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba itaendelea nayo hadi macOS 27, na baada ya hapo itabaki kwa ajili ya baadhi ya michezo ya zamani tu. Mwenye miradi inayoitegemea ana muda wa kuitoa, na muda huo una mwisho unaojulikana.

Sababu ya tatu ni biashara. Majina ya kampuni kwenye maonyo ya zamani yanaweza kukupotosha. Trapcode iliuzwa kwa miaka mingi chini ya Red Giant. Mwanzoni mwa 2020 Red Giant iliungana na Maxon, wale wa Cinema 4D, na leo Particular hupatikana kwa kulipia usajili kwao. Sapphire, iliyokuwa ya GenArts, ilinunuliwa na Boris FX mwaka 2016. Mtu akitafuta jina la zamani akakuta tovuti imekufa, huhitimisha kwamba efekti nayo imekufa, kumbe ipo na imebadilisha mlezi. Usajili wa mwezi mmoja, ukigawanywa kwenye bei ya kazi, mara nyingi ni nafuu kuliko siku tatu za kubuni upya, na ni vizuri gharama hiyo ionekane wazi kwenye ankara ya mteja. Saber ya Video Copilot hutolewa bure, na bado nawaona watu wakiihangaikia kwenye tovuti za wizi.

Kuna tanzu ya sababu hii inayowaudhi hata waliolipa. Kila efekti ina jina la ndani, lisiloonekana kwenye kioo, na hilo ndilo mradi unaloliandika. Mtengenezaji akitoa kizazi kipya chenye jina jipya la ndani, programu haiioni kuwa ndiyo ileile, hata kama sanduku lake lina nembo ileile. Waungwana huacha efekti ya zamani pembeni ya mpya ili miradi isife. Adobe wenyewe hufanya hivyo: efekti zao zilizostaafu, kama Basic 3D, Basic Text na Fast Blur ya zamani, zimewekwa katika kundi la Obsolete, na mradi wa zamani unaozitaja huzikuta humo bila kulia. Kwa hiyo ukikuta onyo, ni nadra sana liwe la efekti ya Adobe. Karibu kila mara ni ya mtu mwingine.

Si kila kinachoharibika katika mradi wa zamani ni efekti iliyopotea, ingawa macho huona vilevile. Mwaka 2018, kwa toleo la CC 2019, Adobe ilibadilisha injini inayosoma maelekezo ya hesabu ambayo waandaaji huyaandika ndani ya leya. Maelekezo ya zamani yenye makosa madogo yaliyokuwa yakivumiliwa yakaanza kukataliwa, na kitu kilichokuwa kikizunguka kikasimama. Ukiona ukanda wa onyo la maelekezo badala ya neno Missing, fungua mipangilio ya mradi, kwenye kichupo cha maelekezo, na urudishe injini ya zamani ya ExtendScript. Vilevile programu ya lugha nyingine inaweza kuleta zogo. Templeti iliyotengenezwa kwa Kiingereza, ikifunguliwa na mhariri wa Kiswahili aliyeko Berlin kwenye programu ya Kijerumani, inaweza kushindwa kupata kidhibiti kilichotajwa kwa jina la Kiingereza. Hapo hakuna cha kununua. Ni kubadilisha lugha ya programu.

Tuseme umefika mwisho wa njia. Plagini haipatikani, au inapatikana kwa bei ambayo mteja hailipi. Kabla ya kutengeneza upya, uliza swali ambalo wahariri hulisahau kwa kiburi cha ufundi: je, mradi unahitajika kweli? Kama video ya mwaka jana ipo kwa ubora mzuri, na kinachobadilika ni tarakimu za mwaka tu, mradi unaweza kubaki umelala. Chukua video hiyo, funika eneo la mwaka kwa kipande cha mandhari yake yenyewe kutoka sekunde ambayo maandishi hayajaingia, andika mwaka mpya juu yake, ufuatishe mwendo. Vumbi la dhahabu litakuwa lilelile kwa sababu ndilo lilelile. Mtazamaji anayesubiri adhana hatajua, na si wajibu wake kujua.

Ikishindikana, tafuta mbadala, na hapa uamuzi wa mhariri ndio unaolipwa. Efekti iliyo nyuma, inayojaza hewa tu, ibadilishe bila huruma. Efekti ambayo watu wanaitambua kuwa ndiyo sura ya kipindi, pigania.

Kwa vumbi na cheche za Particular, After Effects ina CC Particle World, mojawapo ya efekti za Cycore zinazokuja na programu. Ni ngumu kuifanya iwe laini, chembe zake huonekana kama mchanga wa kokoto hadi uzipunguze ukubwa na kuziongezea ukungu. Mimi huona ni bora zaidi kutumia video halisi ya vumbi iliyopigwa mbele ya pazia jeusi, ukaiweka kwa mchanganyiko wa Screen au Add. Weusi hutoweka na vumbi hubaki, lenye uzito wa kweli ambao hesabu za kompyuta huhangaika kuufikia. Kwa miale iliyokuwa ikitoka kwenye herufi kwa plagini ya Shine, CC Light Rays au CC Radial Fast Blur husogea karibu sana, hasa ukirudia leya ya maandishi chini na kuipaka rangi ya dhahabu. Twixtor unaweza kuipokea kwa Timewarp, mradi picha isiwe na miguu na mikono inayopishana, maana hapo zote mbili huyeyusha watu. Ukungu wa mwendo wa ReelSmart Motion Blur una ndugu yake ndani ya programu, Pixel Motion Blur. Rangi zilizofanywa na Magic Bullet Looks zijaribu kwa Lumetri.

Optical Flares ndiyo inayouma. Lens Flare ya Adobe ina lenzi tatu tu, na kila mtu aliyeangalia televisheni anazijua. Badala ya kuiga, jenga mwanga wako kwa leya nne au tano za duara lenye ukungu, kila moja na rangi yake, zikifuata sehemu moja kwa umbali tofauti. Huchukua mchana mmoja. Ukishazijenga ni zako, hazina leseni wala chipu ya kuzikataa.

Chochote unachobadilisha, usikifanye kwa kumbukumbu. Weka video ya zamani kwenye leya ya juu kabisa, iwashe na kuizima, linganisha fremu kwa fremu. Macho ya binadamu husamehe umbo lililobadilika kidogo lakini hayasamehi mwendo uliobadilika. Mwanga ukichelewa robo sekunde, mteja atasema kuna kitu hakijakaa sawa na hatajua kukitaja. Na ukipata plagini yenyewe lakini ya toleo jipya, usijiachie. Efekti za chembe hutegemea bahati nasibu ya ndani, na kizazi kipya kinaweza kumwaga vumbi upande usioutarajia hata kama namba zote zimerudi.

Matatizo haya hayawapati wanyonge tu. Mwaka 2009 Pixar walipotaka kurudisha Toy Story sinemani kwa 3D, filamu ya mwaka 1995 waliyoitengeneza wenyewe, katika jengo lao, kwa programu yao, iliwachukua miezi minne kuyafufua mafaili ya zamani hadi yafanye kazi tena. Tamthilia ya Babylon 5 haikuwa na bahati hiyo. Waigizaji walipigwa kwenye filamu yenye nafasi ya kutosha kwa kioo kipana, lakini vyombo vya angani vilitengenezwa kwenye kompyuta kwa umbo la televisheni ya miaka ya 1990, na ilipotolewa kwa kioo kipana, mafaili ya kuvirenda upya hayakuwapo. Picha hizo zikakatwa juu na chini, zikavutwa, na ukungu wake unaonekana hadi leo.

Kwa hiyo ninachokisema kwa studio zetu ni kimoja: mradi wa After Effects hautoshi kuwa hifadhi ya kazi. Kilicho salama ni picha iliyokwisha kurendwa. Siku kazi inapokubaliwa na mteja, kabla furaha haijapoa, renda kila leya muhimu peke yake pamoja na uwazi wake, iwe kwa ProRes 4444 au kwa mfuatano wa picha za PNG. Vumbi peke yake. Mwanga peke yake. Mandhari bila maandishi. Mafaili ni mazito, ndiyo, na kijana wa studio atalalamika kwamba diski imejaa. Diski moja hununuliwa mara moja. Siku tatu za kujenga upya utazilipa kila Ramadhani.

Kisha tumia Collect Files, humohumo kwenye Dependencies. Itakusanya picha na video zote ndani ya folda moja na kuandika ripoti inayotaja fonti na efekti zilizotumika. Plagini zenyewe haizikusanyi, na wengi hudhani inazikusanya. Visakinishi vya plagini vihifadhi mwenyewe, pamoja na risiti, namba za leseni na karatasi inayosema kompyuta ilikuwa ya aina gani na mfumo wa toleo gani. Toleo lenyewe la After Effects ni sehemu ya kumbukumbu hiyo, kwa sababu tangu Mei 2019 Adobe huwapa wanachama wake matoleo makuu mawili ya karibuni tu. Unaweza pia kuhifadhi nakala ya mradi kwa muundo wa .aepx, unaosomeka kwenye programu yoyote ya maandishi. Miaka kumi ijayo, hata asiye na After Effects ataweza kuona majina ya efekti zilizokuwa zikitumika.

Wenye chaneli, mashirika na maharusi nao wana kazi yao. Wengi hupokea MP4 kwenye simu, wakashukuru, wakaondoka. Mkilipia kichwa cha kipindi ambacho mtakirudia mwaka hata mwaka, andikeni kwenye mkataba kwamba mnataka video isiyo na maandishi, leya zilizorendwa, na folda ya mradi yenye ripoti yake. Ombeni kabla ya malipo ya mwisho, si baada yake. Na mhariri anayesoma hili akiwa na laptopu mpya njiani kutoka dukani: ile ya zamani usiiuze wiki hii. Iwashe, ifungue miradi yote ambayo wateja wake bado wako hai kibiashara, na uitolee leya zake kabla hujampa mtu mwingine.